Je, Wajua? Bango la Barabarani na Mipaka ya Jicho

Bango la matangazo huundwa kwa kufuata mipaka ya jicho la binadamu, na mipaka hiyo hudhihirika vizuri katika Kenyatta Market, jijini Nairobi, ambako vibao vya wasusi na wachoma nyama havipo mbali na mabango makubwa ya Barabara ya Mbagathi. Mtu mwenye macho mazima huhitaji herufi yenye kimo cha karibu sentimita 15 ili aitambue akiwa umbali wa mita 100, na kwa kuwa dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa huumaliza umbali huo katika sekunde 7 hivi, bango linalomlenga halina budi kuwa na maneno machache na rangi zinazopingana. Mteja wa msusi hupita kwa miguu katika vijia vyembamba vya soko, hivyo kibao kidogo chaweza kumwonyesha mitindo mingi ya nywele, naye akapata nafasi ya kuchagua.

Skrini za diodi, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga umeme unapopita ndani yake, zimebadilisha uhusiano wa bango na jicho. Jicho husoma kwa fovea, sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, utando unaopokea mwanga. Pembezoni mwa retina hapasomi, ila huhisi upesi kitu kinachosogea, ndiyo maana picha inayobadilika humvuta hata mtu asiyekusudia kuitazama. Mchana skrini huhitaji maelfu ya kandela, kipimo cha ukali wa mwanga, kwa kila mita ya mraba ili ishindane na jua; usiku mia chache hutosha. Nairobi, iliyo karibu na Ikweta, giza huingia baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, wakati barabara zimejaa watu warudio nyumbani, na skrini isiyopunguzwa makali humwacha dereva akishindwa kumwona anayevuka mbele yake.

Jiji la São Paulo, Brazili, lilipiga marufuku mabango makubwa mwaka 2007 na kubana hata ukubwa wa vibao vya maduka. Kwa Nairobi hatua kama hiyo ingemwumiza bure msusi, ambaye kibao chake hakimpofushi yeyote; linalostahili kudaiwa kwa dhati ni kihisi-mwanga, kifaa kinachopunguza ung'avu wa skrini jua linapotua, kifungwe kwenye kila skrini inayoelekea barabara.