D Haioni Mteremko Ulio Mbele

Mwaka 2023 Toyota ilitangaza Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki ya gia 6. Kwa wanaolijua gari hilo migodini, mbugani na kwenye barabara za vumbi za vijijini, habari hiyo ilikuwa nzito. Pikapu ya kazi ngumu iliyozoeleka kwa klachi na gia ya mkono nayo imeingia kwenye otomatiki. Hilux, Ranger na D-Max zilikwisha kutangulia.

Kuna jambo moja ambalo kila anayehamia kwenye pikapu hizi anapaswa kulishika: otomatiki imemwondolea dereva klachi, haijamwondolea kazi ya kuchagua gia. Kwa gari dogo la mjini unaweza kuweka D ukaendesha mwezi mzima bila kugusa kitu kingine. Pikapu haiko hivyo. Asubuhi inatoka tupu, jioni inarudi na saruji ya kujaza bodi, na njiani kuna milima. Ili ujue wakati wa kuingilia kati, inafaa kwanza uelewe kinachotendeka chini ya miguu yako.

Injini ya dizeli ina eneo lake la kufanyia kazi. Chukua Hilux ya lita 2.8 yenye otomatiki: nguvu yake kubwa ya kuzungusha, Nm 500, inapatikana injini ikiwa kati ya mizunguko 1,600 na 2,800 kwa dakika. Gia zipo ili injini isitoke mbali na eneo hilo, gari litambae au likimbie. Katika gia ya kwanza, injini ya Hilux hiyo huzunguka mara 3.6 ili shafti inayokwenda kwenye difu izunguke mara moja. Katika gia ya 6 injini huzunguka mara 0.58 tu, yaani shafti inaizidi injini mbio. Gia nzito inatoa nguvu na kupunguza mwendo. Gia nyepesi inatoa mwendo na kupunguza nguvu. Na kwa wanaosema otomatiki haina nguvu, injini hiyohiyo ikifungwa giaboksi ya mkono hupewa Nm 420.

Kati ya injini na giaboksi kuna toki konveta, chombo cha duara kilichojaa oili. Fikiria feni mbili zinazotazamana: moja imewashwa, nyingine haina umeme, lakini upepo wa ile ya kwanza unaisukuma hadi nayo inazunguka. Ndani ya toki konveta, oili ndiyo upepo. Upande mmoja umeshikana na injini, upande wa pili na giaboksi, na katikati kuna gurudumu la tatu linaloigeuza oili inayorudi ili isaidie badala ya kupinga. Kwa sababu hiyo, gari linapoanza kuondoka, nguvu ya kuzungusha ya injini inaweza kukaribia kuwa mara mbili kabla haijafika kwenye gia. Na kwa sababu pande mbili hazijashikana chuma kwa chuma, unaweza kusimama kwenye taa ukiwa na D bila injini kuzima.

Oili inayochapwa namna hiyo hupata moto, na joto ndilo adui mkubwa wa otomatiki. Kwa hiyo gari likishatulia kwenye mwendo, klachi iliyomo ndani ya toki konveta huzifunga pande zote mbili zizunguke pamoja. Hapo joto hupungua na dizeli huokolewa. Ukiizuia pikapu isirudi nyuma mlimani kwa kukanyaga mafuta kidogokidogo badala ya breki, unafanya kinyume chake: unaipika oili huku gari limesimama.

Nyuma ya toki konveta zimepangwa gia za sayari. Kila seti ina gia moja katikati, gia ndogo kadhaa zinazoizunguka, na ringi yenye meno kwa ndani inayozizingira zote. Meno hayo yameshikana muda wote, hayachomolewi wala kuchomekwa. Ringi ikishikiliwa isizunguke na nguvu ikaingizwa katikati, kinachotoka ni mwendo wa polepole wenye nguvu. Sehemu mbili zikifungwa pamoja, seti nzima huzunguka kama kitu kimoja. Kazi ya kushika na kuachia hufanywa na sahani nyembamba zilizolowa oili, zinazobanwa kwa presha ya oili hiyohiyo. Kwa kuziunganisha seti chache za namna hii, Ford na General Motors walibuni pamoja giaboksi ya gia 10, ambayo leo imo kwenye matoleo kadhaa ya Ranger.

Presha hiyo inatoka kwenye pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizima, pampu nayo imelala. Ndiyo sababu otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, na ndiyo sababu haifai kuivuta umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini: vyuma vitazunguka bila oili. Ibebwe, au magurudumu hayo yanyanyuliwe.

Anayeamua gia ni kompyuta. Inasoma mwendo wa gari, mguu wako kwenye mafuta, mzigo ulioielemea injini na joto la oili. Hizo zote ni habari za sasa hivi. Haina habari kwamba mita 200 mbele barabara inaanza kuanguka, wala haikuona vijana wakipakia mifuko. Wewe unaona. Na hapo ndipo herufi za kuchagua gia (S, M na L), namba na kitufe cha O/D (overdrive) vinapopata maana.

Tuanze na kupanda. Pikapu yenye mzigo ikiwa kwenye D, mara nyingi utaisikia ikishuka hadi gia ya 4, inapata nguvu, inapanda ya 5, inachoka, inarudi ya 4, na kuendelea hivyo hadi kileleni. Kila badiliko ni msuguano wa sahani na toki konveta iliyofunguka, yaani joto. Dawa ni kuizuia isipande gia: sogeza liva upande wa S au M, kisha chagua 4. Soma kitabu cha gari lako, kwa sababu alama hizi hazifanani kila mahali. Katika magari kadhaa ya Toyota, namba inayoonekana kwenye S ni gia ya juu kabisa unayoiruhusu, na gari linaweza kutumia zilizo chini yake. Katika mengine, M hushikilia gia ileile uliyoichagua. Kwa otomatiki za zamani za gia 4, zilizojaa kwenye magari yaliyotumika kutoka Japani, kitufe cha O/D hufanya kazi hiyohiyo: taa ya O/D OFF ikiwaka, gia ya 4 imefungwa na gari linaishia ya 3. Ni nzuri mlimani. Kwenye barabara tambarare bonyeza tena kitufe ili taa izimike, maana bila gia ya 4 gari linakula mafuta bure.

Kushuka ndiko kunakoua. Pikapu yenye uzito wa tani 3 ikiteremka kimo cha mita 100 inaachia nishati ya kutosha kuchemsha takriban lita 9 za maji kuanzia nyuzi 25. Kama kazi yote ya kuizuia umeiachia breki, joto lote hilo linaingia kwenye diski na ngoma zake. Breki zikipata moto kupita kiasi, pedeli inakanyagika na gari halisimami.

Injini inaweza kuubeba mzigo huo. Ukiachia mafuta huku gari likiwa kwenye gia, injini ya kisasa hukata dizeli, na magurudumu ndiyo yanayolazimika kuizungusha. Upinzani wake unalipunguzia gari mwendo, na kadiri gia inavyokuwa nzito ndivyo unavyoongezeka. Katika Hilux tuliyoitaja, kutoka gia ya 4 hadi ya 2 kwa mwendo uleule kunaizungusha injini zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza kushuka mteremko mkali kama wa Kitonga, punguza mwendo kwa breki, chagua gia ya 3 au ya 2, kisha iache injini ifanye kazi. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa nguvu hadi upungue, achia, ziache zipoe. Injini itanguruma; hiyo ni kazi yake, ilimradi mshale wa mizunguko haujaingia kwenye wekundu.

Kuteremka kwa N, au frii kama madereva wengi wanavyoita, ni kuitupa silaha hiyo. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ilipata sifa mbaya kwa ajali za malori, na kuteremka kwa frii kumetajwa tena na tena miongoni mwa sababu zake. Wanaofanya hivyo hudai wanaokoa mafuta. Kwa injini ya kisasa ni kinyume: kwenye gia dizeli inakatwa, kwenye N injini inahitaji dizeli ili isizime.

Herufi P nayo ina mipaka. Kinachoshika gari kwenye P ni jino moja la chuma linaloingia kwenye gia ya shafti ya kutokea. Ukisimama kwenye mwinamo na mzigo, kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu ili breki ya mkono ibebe uzito, kisha weka P. Na kwa pikapu za magurudumu manne zenye liva ndogo ya pili, hakikisha liva hiyo haiko kwenye N. Ikiwa N, jino la P halijaunganika na magurudumu, na gari litaondoka lenyewe.

Mwisho ni oili. Ndani ya giaboksi hii oili inabeba nguvu, inabana sahani, inalainisha na inapoza. Usikubali fundi aweke yoyote iliyopo dukani. Tumia iliyotajwa kwenye kitabu. Pikapu inayobeba au kuvuta mizigo mizito haipaswi kungoja hadi oili iwe nyeusi na kunuka kuungua. Ikifika hapo, sahani zimekwisha kuumia.

Kabla ya safari yako ijayo yenye mzigo, tafuta barabara tulivu na tambarare. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sogeza liva kwenye S au M, teremsha gia moja baada ya nyingine, usikilize injini inavyolishika gari. Rudia hadi mkono uijue njia bila macho kuangalia chini. Mazoezi hayo ni ya dakika chache, na yafanyike kabla mteremko haujakulazimisha.