Mlima, Mshipi na Ardhi ya Mtongwe

Mtongwe, huku Likoni, Mombasa, hakuna mlima. Iko kambi ya wanamaji na maji ya Kilindini. Lakini uchaguzi ukikaribia, "kura za mlima" na "kina Kenyatta" hutajwa kama kitu kimoja, na wapo wanaoamini kwamba jina la rais wa kwanza, Kenyatta, ni "taa ya Kenya". Sivyo.

Mlima Kenya ulitangulia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844, aliuona kutoka Ukambani Desemba 1849, akaandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, wanaouita Kiinyaa. Mwaka 1920 Waingereza wakaipa koloni yao jina hilo.

Kenyatta alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Jina tunalomjua nalo lilitoka kwenye mshipi wa shanga, kinyata, aliopenda kuuvaa ujanani Nairobi. Hata kwao Gatundu ni Kiambu, si miteremkoni mwa mlima. Ila naamini aliitambua nguvu ya mfanano wa jina lake na la mlima: kitabu chake cha 1938 alikiita Facing Mount Kenya. Uhuru ulipofika, mshipi ulikuwa umesahaulika na mlima umebaki.

Sasa tuje pwani, maana hapa ndipo penye uzito. Jina la 1920 halikuifikia Mtongwe kwa njia moja na Nairobi. Bara ilikuwa koloni. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba tangu 1895. Ni Oktoba 1963 ndipo Kenyatta, akiwa waziri mkuu, alipoandikiana na mwenzake wa Zanzibar, Mohammed Shamte, Sultani akauachia ukanda huo. Kenyatta aliahidi kuwa mahakama za kadhi zitadumu na hati za ardhi zilizokuwapo zitatambuliwa.

Ahadi ya kadhi imesimama, imo hata katika Katiba ya 2010. Ile ya hati iliwalinda wenye hati. Waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao bila karatasi haikuwagusa, nao ndio walioitwa maskwota juu ya ardhi ya kwao. Januari 2016, mwana wa Kenyatta, Uhuru, aliyekuwa rais wakati huo, alikuja Likoni kugawa hatimiliki za shamba la ekari 930 lililogombewa kwa miaka mingi. Wakazi walifurahi, kisha wakaambiwa ardhi hiyo wailipie.