Redio za Pikipiki Katika Njia ya Ngorongoro

Bodaboda wa Karatu huipamba pikipiki yake kwa vibandiko na taa za rangi, lakini pambo analolionea fahari kubwa ni redio, nami naona ni haki yake, kwa maana mtu ashindaye kitini tangu alfajiri, baina ya vumbi jekundu la njia za mashambani na baridi ya miinuko ielekeayo lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, anastahili burudani sawa na matajiri wa Marekani na Ulaya waliokuwa na redio katika Honda Gold Wing zao tangu miaka ya 1980.

Taabu ni kwamba fedha nyingi hupotelea mahali pasipofaa. Akiona sauti haitoshi, kijana hununua amplifaya kubwa zaidi, akidhani kuwa wati zikiwa maradufu sauti nayo itakuwa maradufu. Hasha! Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tafauti ambayo sikio huitambua kwa shida, na ili sauti isikike kuwa maradufu huhitajiwa wati zipatazo mara 10. Ilhali spika mbili zilizo sawa kwa umbo zaweza kutafautiana desibeli hizo 3 kwa wati ile ile moja, hata aliyechagua iliyo bora akapata bila gharama nguvu ambayo mwenzake ameinunulia amplifaya ya pili.

Jambo linalodharauliwa zaidi ni boksi. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa zamu, na ikifungwa wazi kwenye usukani, mawimbi ya nyuma huzunguka yakayabatilisha ya mbele, besi ikatoweka. Boksi lililozibwa barabara, hata likiwa dogo, huyazuia. Kadhalika, kwa nchi hii ya ukungu na masika, uso wa spika wa plastiki wafaa kuliko wa karatasi, ambao hunywa maji ukalegea.

Ama betri, yataka hadhari kubwa. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 5, ikikamuliwa mfululizo na amplifaya ya wati 100 za kweli huku injini imezimwa kijiweni, haifikishi dakika 40, na hata injini ikiwaka pale pale bila kwenda, chaji yake huwa haba. Fyuzi na iwekwe karibu kabisa na betri, kwa kuwa waya uliochubuka chini ya tenki la petroli ni hatari isiyohitaji maelezo.

Barabarani upepo huifunika sauti, dereva akaizidisha mpaka asisikie honi ya gari la watalii lililo nyuma yake. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma. Zikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4, nazo bodaboda huzimaliza kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Spika ikiinuliwa na kuelekezwa usoni mwa dereva, badala ya kuelekezwa kwa wapita njia, muziki husikika vilevile kwa wati chache, na betri, abiria na wenye nyumba za kandokando ya barabara wote hupata nafuu.