Tairi Kubwa ni Gia Nyingine

Mwenye Land Cruiser au Hilux ya dizeli anapokwenda gereji kutaka afungiwe matairi makubwa, mazungumzo huanzia kwenye madigadi: je, yatagusa? Yakigusa, springi zinanyanyuliwa, plastiki inakatwa kidogo, usukani unazungushwa kushoto na kulia kuhakikisha, kazi imekwisha. Swali la kama tairi litaenea ni la haki, lakini si la kwanza. Nguvu ya injini inapita klachi, inapita giaboksi, inapita difu, na kituo chake cha mwisho kabla ya ardhi ni tairi. Anayebadilisha kipenyo cha tairi amebadilisha uwiano wa gia zote za gari lake, kuanzia namba moja hadi rivasi, bila kugusa hata jino moja la chuma. Kwa gari la dizeli, hasa lisilo na turbo, hapo ndipo panapoamuliwa kama pesa imenunua uwezo au imenunua sura.

Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Tairi lililoandikwa 265/70R16 lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo, nalo linakaa kwenye ringi ya inchi 16. Ukijumlisha ubavu wa juu, ringi na ubavu wa chini unapata kipenyo cha milimita 777 hivi. Tairi la 285/75R16, ambalo mafundi wanaliita thelathini na tatu kwa sababu linakaribia inchi hizo, lina milimita 834: ongezeko la asilimia 7. Ukipanda hadi 315/75R16, lile la thelathini na tano, unafika milimita 879, yaani asilimia 13 zaidi. Tuseme difu ya gari hilo ni ya 4.1, maana yake shafti inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa tairi la thelathini na tatu gari litaenda kana kwamba difu ni ya 3.8, na kwa la thelathini na tano kana kwamba ni ya 3.6. Mwambie mwenye pikapu ya kubebea mzigo kwamba unataka kumwekea difu ya 3.6 na atakufukuza. Lakini ndiyo aliyoilipia kwenye duka la matairi, na akasaidiwa kuipakia.

Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 ambayo Toyota imekuwa ikiifunga kwenye Land Cruiser tangu 1990, na ambayo bado inabeba watalii, wagonjwa, mishahara na magunia katika nusu ya Afrika. Sifa yake ni uvumilivu. Nguvu yake ni farasi 130 hivi, na nguvu ya kuzungusha ni kama Newton-mita 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Kwa gari ambalo likipakiwa linafika tani tatu, hizo si nyingi. Linakwenda kwa sababu gia zake ni fupi. Tairi la thelathini na tano, likichukua nafasi ya 265/70R16, linapunguza nguvu ya kusukuma inayofika ardhini kwa karibu asilimia 12 katika kila gia. Sasa lipandishe gari hilo hadi ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa umepungua kwa takriban moja ya tano. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi na kupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Unganisha hasara hizo mbili, utaona kwamba magurudumu yamebaki na kama asilimia 70 ya nguvu waliyoipima wahandisi usawa wa bahari kwa tairi la awali. Dereva haoni namba hizo. Anachoona ni kwamba mlima aliokuwa akiupanda kwa gia ya tatu sasa unataka ya pili, klachi inanuka anaporudi nyuma na mzigo kwenye mwinuko, na geji ya joto imeanza kupanda. Kisha anasema gari limekuwa zito.

Kupanda angalau kunakuonya mapema. Kushuka ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, na ndiko kusikozungumzwa. Injini ya petroli ukiachia mafuta inabana hewa inayoingia, na ubanaji huo unalishikilia gari. Dizeli haiendeshwi kwa kubana hewa bali kwa kupima mafuta, kwa hiyo ukiachia pedali inabaki na msaada mdogo zaidi, na sehemu kubwa ya msaada huo inategemea injini izungushwe haraka na magurudumu. Tairi kubwa linafanya kinyume: kwa mwendo uleule, injini inazunguka taratibu zaidi na inashikilia kidogo zaidi. Wakati huohuo breki, ambazo hazikuongezwa hata milimita moja, zinakamata gurudumu lenye mkono mrefu zaidi wa kuzishinda, na lenye uzito wa ziada wa kilo kadhaa ulio mbali na kitovu. Anayeshuka mlima wa Kitonga kutoka Iringa akiwa amepakia anahitaji breki zisipate moto kabla ya kona ya mwisho. Gia fupi ndiyo inayomhakikishia hilo, na gia fupi ndiyo aliyoiuza.

Mtu wa porini atanijibu kwamba sijui ninachozungumza, kwamba tairi kubwa linapita pale dogo linapokwama. Ana haki, na hoja yake ina nguvu kuliko anavyoieleza mwenyewe. Springi ndefu zinanyanyua bodi na chasisi, lakini katika magari yenye ekseli nzima, tumbo la difu linabaki palepale lilipokuwa. Kitu pekee kinacholipandisha ni tairi, na linapanda kwa nusu ya ongezeko la kipenyo: milimita 28 kwa tairi la thelathini na tatu, kama 51 kwa la thelathini na tano. Kwenye njia yenye magogo, mawe au makorongo yaliyochimbwa na malori, milimita 51 ni tofauti kati ya kupita na kukaa juu ya difu ukisubiri trekta. Tairi refu pia linapanda kizingiti kwa urahisi zaidi na halizami sana kwenye mashimo mafupi. Sikatai faida hizo. Ninachouliza ni mara ngapi kinachomkwamisha mtu ni difu kugusa, na mara ngapi ni tairi kukosa mshiko.

Kwenye mchanga na tope jibu mara nyingi ni la pili, na mshiko una dawa isiyouzwa dukani. Eneo la tairi linalokanyaga chini ni, kwa makadirio, uzito lililobeba ukigawanywa kwa shinikizo la upepo. Punguza upepo kutoka psi 35 hadi 18 na eneo hilo linakaribia kuwa mara mbili, likiongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Hakuna ukubwa wa tairi utakaoenea chini ya gari la kawaida ukakupa ongezeko kama hilo huku upepo ukiwa 35. Masharti yapo: mwendo uwe mdogo, kona zisikatwe kwa ghafla tairi lisije likang'oka kwenye ringi, upepo urudishwe kabla ya kuingia lami, na wenye ringi za vipande zenye tyubu wawe waangalifu zaidi, kwa sababu tairi likiteleza kwenye ringi linaweza kung'oa valvu. Lakini pampu ndogo ya umeme na geji ya upepo ni rahisi kuliko tairi moja. Udongo mweusi wa mbuga nao una kanuni zake. Ukiwa umelowa juu huku chini kuna tabaka gumu, tairi jembamba la 7.50R16 linapasua tope na kushika chini, wakati pana linaelea na kuteleza kama sabuni. Ukiwa hauna mwisho, jembamba linazama. Anayesema pana ni bora siku zote hajauliza chini ya tope kuna nini.

Fundi naye ana jibu lake: pampu iongezwe mafuta kidogo, nguvu itarudi. Katika injini yenye turbo na kompyuta jambo hilo lina nafasi yake likifanywa na anayejua. Katika 1HZ isiyo na turbo ni kulipa deni kwa deni. Mafuta yanahitaji hewa ya kuyaunguza. Yakizidi hewa iliyopo yanatoka kama moshi mweusi na joto, na joto hilo linaishia kwenye vichwa vya pistoni na silinda hedi. Hata turbo yenyewe haifuti tatizo la gia. Hilux yenye injini ya lita 2.8 ina nguvu nyingi kati ya mizunguko 1,600 na 2,400, lakini chini ya hapo turbo bado inakusanya pumzi. Gia zikirefushwa, dereva kwenye foleni au kwenye mwinuko mkali anajikuta mara nyingi zaidi katika eneo hilo lisilo na pumzi, na giaboksi ya otomatiki inahangaika kupanda na kushuka gia huku mafuta yake yakichemka.

Wapo wanaotetea tairi kubwa kwa mafuta: mizunguko inapungua barabarani, kwa hiyo dizeli inaokolewa. Kwenye tambarare, bila mzigo, kwa mwendo wa wastani, kuna chembe ya ukweli. Uzito, meno makubwa ya tairi na upepo unaopigwa na gari lililonyanyuliwa vinaila chembe hiyo upesi. Ila wanaolalamika kwamba ulaji umepanda vibaya nao mara nyingi wanapima vibaya, kwa sababu kihesabu kilomita kimeanza kusema uongo. Kikiandika 500 baada ya kufunga tairi la thelathini na tatu badala ya 265/70, gari limetembea karibu 536. Uongo huohuo uko kwenye spidomita: mshale ukisimama kwenye 50, gari linakwenda zaidi ya 53, na kwa tairi la thelathini na tano zaidi ya 56. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako.

Kama kuna mahali tairi kubwa limehalalishwa na kazi, ni Iceland. Huko magari ya dizeli yanapita juu ya theluji ya barafuto kwa matairi ya inchi 38 hadi 44, yakiwa yametolewa upepo mpaka yanakaribia kulala. Wengi wanaonyesha picha zake kama ushahidi kwamba kila kitu kinawezekana. Tazama basi kilichofanywa chini: madigadi yamekatwa na kujengwa upya, na difu zimebadilishwa meno kurudisha gia pale zilipokuwa. Huo ndio utaratibu ninaoutetea. Gari la difu ya 4.1 linalovaa matairi yenye ongezeko la asilimia 13 linahitaji difu inayokaribia 4.6 ili lirudi lilivyokuwa. Zinapatikana, zina gharama, na lazima zibadilishwe mbele na nyuma kwa uwiano uleule, la sivyo siku ya kwanza ya kuingiza foo-wili ekseli mbili zitavutana hadi moja ivunjike. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya tairi. Asiyeweza kuibeba ashuke ukubwa mmoja.

Na kabla ya yote ajue anaanzia wapi, maana neno kubwa halina maana mpaka liulizwe: kuliko lipi? Pikapu nyingi za Land Cruiser zililetwa na 7.50R16, tairi ambalo tayari linazidi milimita 800. Kwa hizo, tairi la thelathini na tatu ni nyongeza ya asilimia 3 au 4 tu, ambayo injini itaisikia bila kuilalamikia. Kinachobaki ni upana, ringi inayofaa na namba ya mzigo. Prado au Hilux iliyotoka na 265/65R17 inaanzia milimita 776, na 285/70R17 inairefushia gia kwa asilimia 7 kamili. Kwa gari linalobeba mzigo nyanda za juu kwa difu ya kiwandani, mimi ningeishia asilimia 4. Kibandiko cha ukubwa wa awali kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na upepo unaotakiwa.