Gofu: Zaidi ya Alama

Enzi za ukoloni, gofu ilichezwa katika viwanja vya Mnazi Mmoja, kando ya Mji Mkongwe. Mchezaji huhesabu mipigo. Tabibu huhesabu hatua, kwani mashimo 18 kwa miguu huzidi kilomita sita. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichunguza wachezaji 300,000 wakakuta vifo vyao ni pungufu kwa asilimia 40 kuliko vya watu wa umri, jinsia na hali ya maisha kama yao. Hilo halithibitishi kuwa gofu pekee ndiyo sababu. Hata hivyo, kutembea na kuzungumza na wenzako hakuhitaji fimbo wala ushindi. Mwenye shinikizo la damu, akishauriwa na daktari wake, aanze jioni papo hapo Mnazi Mmoja, bila kuacha dawa.