Kusini kwa Barabara: Safari ya Maji na Uzio

Watalii wengi waendao delta ya Okavango hutua Maun, mji wa kaskazini mwa Botswana, hupanda ndege ndogo, na muda si mrefu wako kambini katikati ya visiwa. Wanamwona simba, wanamwona tembo, wanapiga picha na kurudi. Ni safari nzuri, na ni ghali. Lakini ndege hiyo huwapitisha juu ya uzio wa mifugo, juu ya mageti ya ukaguzi na juu ya vijiji, na hivyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini wanyama wako pale walipo na hawako kwingine. Anayetaka kulielewa eneo hili sharti apite chini, kwa gari, kutoka Mto Zambezi hadi hifadhi ya Etosha, Namibia, na akubali kusimama kila anaposimamishwa.

Njia huanzia Livingstone, Zambia, jirani na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Mwendo wa kama saa moja kuelekea magharibi humfikisha msafiri Kazungula, ambako Zambezi unavukwa kwa daraja la mita 923 lililofunguliwa Mei 2021. Daraja hilo limepindishwa makusudi, ili litoke Zambia na kuingia Botswana bila kugusa ardhi ya Zimbabwe, iliyo pua na mdomo na hapo. Kabla yake palikuwa na pantoni, na malori yalipanga foleni kwa siku kadhaa. Magari ya watalii yanayotoka Nairobi na Arusha kwenda Cape Town, yale malori yaliyofungwa viti na kubeba jiko lake, yalisubiri pamoja nayo.

Ng'ambo ya daraja ni Kasane, na Mto Chobe. Hapa mashua ya alasiri inafaa kuliko gari. Mwezi wa Agosti au Septemba, jua likianza kulegea, tembo hushuka kwenye kingo za mchanga familia baada ya familia. Hunywa kwanza. Kisha huingia mtoni kuvuka kwenda kwenye nyasi za upande wa Namibia, mikonga imeinuliwa juu ya maji, watoto wakiwekwa katikati ya majike wakubwa. Wakitoka ng'ambo wana rangi mbili: weusi walipolowa, na kijivu cha vumbi mgongoni ambako maji hayakufika.

Wingi huo una sababu. Wakati wa mvua tembo hutawanyika kwenye misitu ya ndani, ambako kila bonde lina dimbwi lake. Mvua ikikatika madimbwi hukauka, na maji ya kudumu hubaki sehemu chache tu: Chobe, Linyanti, Zambezi na Okavango. Basi wote husogea huko. Mwaka 2022 nchi tano, Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, zilihesabu tembo wao kwa ndege katika msimu mmoja na kupata makadirio ya tembo 227,900, karibu 132,000 kati yao wakiwa Botswana. Zilihesabu pamoja kwa kuwa tembo ni wale wale. Chini ya mkataba uliotiwa saini Luanda Agosti 2011, nchi hizo zimeunganisha mbuga, misitu na ardhi za vijiji katika eneo moja la uhifadhi liitwalo KAZA, lenye kilomita za mraba takriban 520,000.

Kutoka Kasane lami inateremka kusini hadi Nata, kisha inageuka magharibi kwenda Maun. Tembo huivuka wapendapo, na katika vijiji punda na ng'ombe hulala juu yake kwa sababu ina joto usiku. Dereva mwenye akili hupaki kabla giza halijaingia.

Kati ya Nata na Maun barabara inakatiza njia ya pundamilia, na kisa chake kinastahili kusimuliwa polepole. Pundamilia wa Okavango walikuwa wakihama mvua zinapoanza, wakaenda kwenye nyanda za chumvi za Makgadikgadi kufuata majani yenye madini mengi. Mwaka 1968 ukajengwa uzio wa mifugo ukaikata njia hiyo, na uhamaji ukakoma. Uzio uliondolewa mwaka 2004. Miaka michache baadaye watafiti waliowafunga pundamilia mikanda ya setilaiti waligundua kwamba baadhi yao walikuwa wameanza tena kutembea hadi Makgadikgadi, karibu kilomita 290 kwenda tu. Pundamilia wa porini haishi miaka 36. Hakuna hata mmoja katika kundi lile aliyewahi kupita hapo, wala mama yake, na bado njia ilipatikana upya.

Kwa nini ukajengwa uzio? Jibu ni nyama ya ng'ombe. Nyati hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila kuugua, na ng'ombe akichanganyika naye malishoni anaweza kuupata. Kabla ya almasi, ng'ombe ndiye aliyekuwa uchumi wa Botswana, na soko la Ulaya lilitaka hakikisho kwamba nyama inatoka mahali pasipo na ugonjwa. Nchi ikagawanywa kwa waya. Uzio wa Kuke ulijengwa mwaka 1958, na ule wa nyati unaozunguka upande wa kusini wa Okavango mwaka 1982. Katika ukame wa miaka ya 1980 nyumbu wa Kalahari waliokuwa wakitafuta maji walikwama kwenye waya na kufa kwa maelfu.

Ni rahisi kwa mpenda wanyama kuuchukia uzio. Afadhali kwanza amsikilize mfugaji wa Ngamiland, wilaya inayoizunguka Okavango. Mwaka 1995 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia wilayani humo, na mwaka uliofuata serikali ilichinja ng'ombe wote wa wilaya, takriban 320,000, ili ugonjwa usienee. Kaya zilizokuwa na zizi lililojaa zilibaki na fidia mkononi. Mtu aliyepitia hayo hawezi kuuona uzio kama kosa tupu, na mwandishi yeyote wa mambo ya uhifadhi anayemruka mtu huyo anasema nusu ya habari.

Sasa Okavango yenyewe. Mvua hunyesha kwenye nyanda za juu za Angola kuanzia Novemba hadi Machi; maji hushuka kwa mito ya Cubango na Cuito, huungana, na kuingia Botswana pale Mohembo. Kutoka hapo hayana njia ya kwenda baharini. Yanatawanyika kwenye mchanga wa Kalahari, ambako ardhi inateremka mita kama 60 tu kwa umbali wa kilomita 250, kwa hiyo hutambaa. Yanafika Maun Juni au Julai, wakati mvua ya Botswana imekwisha zamani na nchi yote imekauka. Mafuriko huja kiangazi, na ndiyo maana wanyama hukusanyika huko. Karibu maji yote huishia hewani kwa jua na kwa majani ya mimea. Sehemu ndogo sana ndiyo inayotoka upande wa pili. Mwaka 2014 Okavango iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ikiwa ya 1,000.

Maji yakikauka huacha chumvi. Lakini Okavango ni maji baridi, unaweza kuyanywa. Chumvi inakwenda wapi? Jibu liko visiwani. Visiwa vingi vilianza kuwa kichuguu: mchwa walijenga juu ya usawa wa mafuriko, ndege wakatua na kudondosha mbegu, miti ikaota pembeni. Mizizi ya miti hiyo huyanyonya maji ya chini na kuiacha chumvi, ambayo hujikusanya katikati. Anayekatiza kisiwa kwa miguu huliona jambo hili waziwazi: ukingoni miti mikubwa yenye kivuli, hatua kadhaa ndani mikoche michache, halafu katikati uwanja mweupe usioota kitu. Bila visiwa hivyo, delta nzima ingekuwa na maji ya magadi.

Visiwani hufikiwa kwa mokoro, mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo. Mwenye upondo husimama nyuma. Abiria wawili hukaa chini kabisa, viwiko vikikaribia maji na mayungiyungi yakipita usawa wa kifua. Ni ujuzi wa Wayeyi na Wahambukushu, watu waliouleta kutoka kaskazini. Zamani mokoro ulichongwa kwa gogo moja, mara nyingi la mwegea. Siku hizi mingi ni ya faiba, ili miti iachwe ikue.

Wahambukushu wengi wako mbele zaidi kwenye barabara, upande wa magharibi wa delta, katika vijiji 13 vinavyoitwa kwa namba, Etsha 1 hadi Etsha 13. Walikimbia vita vya Angola mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupewa hifadhi Botswana. Wanawake walikuja na ufundi wa vikapu vya majani machanga ya mkoche, yaliyotiwa rangi ya kahawia kwa magome na mizizi. Msusi hutoboa kila mzunguko kwa sindano nene, hupitisha jani lililolowekwa, huvuta hadi likaze, na kikapu kimoja kikubwa humchukua wiki nyingi. Bei ya Etsha inaweza kuonekana kubwa kwa mpita njia; aketi kidogo amtazame msusi kazini kabla ya kuomba apunguziwe.

Kaskazini zaidi barabara ya mchanga huchepuka kwenda Tsodilo, vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katikati ya tambarare. Katika eneo la kilomita za mraba 10 kuna michoro ya miambani zaidi ya 4,500: swala pofu, vifaru, twiga, ng'ombe, mingi kwa rangi nyekundu na mingine, ya baadaye, kwa nyeupe. Kwa Wasan na Wahambukushu vilima hivi ni mahali patakatifu, na mgeni hupanda akiwa na mwenyeji. Wanaakiolojia waliochimba Nqoma, kijiji cha kale juu ya kilima kiitwacho cha Kike, walikuta mapambo ya shaba na chuma, na pia shanga za kioo zilizoingia barani kupitia mwambao wa Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Biashara ya pwani yetu ilifika hadi huku, Kalahari.

Mpaka wa Mohembo ukishavukwa, Namibia huanza kwa hifadhi ya Bwabwata, ambamo Wakhwe na Wahambukushu wanaishi pamoja na wanyama, kisha Rundu, kisha geti la Mururani. Hapa gari lazima lisimame. Ofisa hufungua sanduku la baridi kutafuta nyama mbichi. Ikiwepo, haivuki kwenda kusini. Wenye uzoefu huipika yote jana yake.

Huu ndio Mstari Mwekundu, uzio wa mifugo wa Namibia, na mizizi yake inafika Afrika Mashariki. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuteketeza mifugo ya Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilivuka Zambezi mwaka 1896. Wajerumani waliokuwa wakiitawala Namibia wakaweka vituo vya kuizuia. Ilipenya. Waherero walipoteza sehemu kubwa ya ng'ombe, wakaingia katika madeni, ardhi ikawaponyoka, na mwaka 1904 wakashika silaha. Ujerumani ikajibu kwa mauaji ya kimbari. Mwaka uliofuata utawala huo huo ulikuwa ukipambana na vita vya Maji Maji kusini mwa Tanzania ya leo. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ila mstari umebaki, sasa kwa sababu ya magonjwa mengine.

Tofauti ya pande mbili inaonekana bila darubini. Kaskazini mwa geti kuna nyumba kando ya barabara, watoto wa shule, mbuzi, vinyago vinavyouzwa chini ya miti. Wanamibia walio wengi wanaishi upande huo. Kusini kuna mashamba makubwa ya watu binafsi, waya pande zote mbili, na kilomita nyingi bila mtu.

Etosha yenyewe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1907, imezungushiwa uzio pia. Wahai||om waliokuwa wakiishi humo walitolewa mwaka 1954. Kwa kuwa wanyama hawawezi kuondoka kufuata maji, maji yanawafuata: mbali na chemchemi za asili kuna visima vilivyochimbwa, na pale Okaukuejo birika linamulikwa usiku kucha, kiasi kwamba kifaru mweusi anaweza kuonekana mita chache kutoka kwenye benchi.

Mjadala wa uzio haujaisha. Kanuni za kimataifa za afya ya wanyama sasa zinatambua kwamba nyama iliyoachwa ipumzike baada ya kuchinjwa, ikatolewa mifupa na tezi, inaweza kuuzwa salama hata ikitoka eneo lenye nyati. Ngamiland kuna wafugaji wanaorudi kwenye uchungaji wa zamani: ng'ombe wa kijiji huunganishwa kundi moja, wachungaji waliofunzwa huwapeleka malishoni mchana wakiwaepusha na nyati, na jioni huwafungia zizini simba asiwafikie. Wafugaji wa kaskazini mwa Namibia nao wanadai soko la nyama ya namna hiyo, na wanataka jibu kutoka Windhoek kuhusu lini ng'ombe wao wataruhusiwa kupita Mururani.