Unaagiza Kifaa cha 3D Ukiwa Vanga? Tazama Jina Kabla ya PIN

Tuseme unauza samaki Vanga na kishikio cha friza kimevunjika. Mlango haufungi sawasawa, barafu inayeyuka. Dukani unaambiwa kishikio hakiuzwi peke yake. Kijana wako anafungua Thingiverse, tovuti iliyoanza mwaka 2008, na anapata mchoro wa kishikio kama hicho, bure kabisa. Printa ya 3D hukitengeneza kwa kupanga plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka. Nairobi kuna hata kampuni, AB3D, inayounda printa hizo hapa nchini.

Huna printa? Kuna viendelezi, yaani programu ndogo za kivinjari, vinavyoweka alama ya "Agiza" kando ya mchoro. Ukibonyeza, faili inaenda kwa mwenye printa, naye anakupa bei.

Sasa sikiza vizuri. Ili kuweka alama hiyo, kiendelezi lazima kiruhusiwe kusoma na kubadilisha ukurasa. Kikiwa kibaya, kinaweza kubadilisha hata namba ya till unayoiona. Kwa hivyo usiamini namba kwa sababu tu iko kwenye skrini.

Kabla ya kulipa, hakikisha haya:

1. Ruhusa. Kiendelezi kikiomba kusoma tovuti zote, kikatalie. Kipe tovuti moja tu, na ukimaliza kiondoe.

2. Vipimo. Faili ya STL haisemi kama ni inchi au milimita. Kishikio cha inchi 4 kinaweza kutoka milimita 4! Pima kwa rula, umtumie mwenye printa vipimo.

3. Plastiki. PLA huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Kama friza inakaa juani, uliza kuhusu PETG.

4. Malipo. Mpigie mwenye printa akutajie till na jina la biashara. PIN weka kwenye simu yako tu, kamwe si kwenye ukurasa wa kompyuta. Jina linalotokea likiwa tofauti, kata hapo hapo. Ujumbe wa malipo usiufute hadi mzigo ufike.

Mzigo wa kutoka Mombasa unavuka Likoni, unashushwa Lunga Lunga, ndipo boda iulete Vanga. Kuurudisha ni nauli nyingine. Dakika mbili za kuhakikisha ni rahisi kuliko safari hiyo.